Chumvi Kwenye Banda la Miche

Vijana wangu wa Timau, juzi mmoja wenu alinionyesha kile kijiti chenu cha kupima chumvi kwenye maji. Alikichovya, namba zikatokea, akaziandika, akaenda zake. Sisi tulipima kwa ulimi. Nilipima hivyo miaka mingi sana, na daktari aliponiambia presha yangu huenda imetoka huko, nilimjibu kwamba basi hiyo ndiyo pensheni niliyolipwa.

Mliniomba niandike jinsi kazi ya kitalu ilivyokuwa kabla ya hizi nyumba za plastiki. Ningeweza kuanza na waridi, maana waridi ndilo lililonilisha. Lakini mmea ulionifundisha kazi hauuzwi na mtu yeyote hapa. Unatambaa chini, majani yake ni manene, yamejaa maji kama vidole vya mtoto mchanga, na kijiua chake cha waridi hafifu hufunguka jua likiwaka na kufunga jioni. Kwao ni ufukweni, kwenye mchanga unaofikiwa na maji ya bahari. Watu wa Pwani huuita mboga ya pwani. Mimi niliukuta Ruring'u, Nyeri, wakati wa Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita Emajensi.

Nilitoka Bunyore, magharibi mwa nchi, nikiwa na cheti cha miaka miwili ya shule ya kilimo ya misheni. Mjomba wangu alikuwa polisi Nyeri, na ndiye aliyenitafutia kazi. Haikuwa vigumu. Siku hizo mtu wa magharibi alipata kazi Nyeri kwa sababu moja, kwamba hakuwa Mkikuyu. Sikulifikiria sana jambo hilo. Nilidhani ni cheti.

Kitalu kilikuwa cha Mzungu mjane tuliyemwita Memsabu. Aliuza miche kwa wenye mashamba wa Nanyuki na Timau. Msimamizi wa kitalu alikuwa Mzee Gathogo, mtu wa Gakindu, kule Mukurweini. Mkewe na binti yao Nyambura walikaa huko kijijini. Yeye alilala kwenye nyumba ya wafanyakazi, na kibali chake cha kukaa hapo kilisainiwa na Memsabu kila mwezi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, hakuwahi kwenda shule. Siku ya kwanza alikitazama cheti changu, akakigeuza, akakitazama upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu.

"Hii karatasi inajua kumwagilia?" akauliza.

"Inajua, Mzee."

"Sawa. Ipatie kopo."

Sasa niwaeleze shida iliyouleta ule mmea. Chini ya ukuta wa mawe, mbele ya nyumba, palikuwa na ardhi iliyokufa, upana wake kama uwanja wa kuchezea watoto. Mwenye nyumba wa zamani alifuga ng'ombe, na hapo ndipo alipowawekea chumvi ya kulamba, mwaka baada ya mwaka, mvua ikaiyeyusha, ardhi ikainywa. Nyasi zilikataa. Hata magugu yalikataa. Memsabu alipoenda likizo baharini aliuona mmea huu ukistawi kwenye mchanga wa chumvi, akafikiria pale chini ya ukuta, akarudi na gunia dogo la vipande vyake vimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Alitaka paonekane kijani kabla wageni wake hawajaja mwisho wa mwaka.

Alinipa mimi vipande kumi na viwili vya kwanza, kwa sababu ya cheti. Nilivitendea kama nilivyofundishwa. Udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri, maji asubuhi, maji mchana, maji jioni. Siku ya tisa vilikuwa vimelala ndani ya makopo kama mrenda uliochemka kupita kiasi. Gathogo aliingiza kidole, akakinusa.

"We Andati," akasema, "huyu mgeni ulimnyonyesha mpaka akafa."

"Nilifuata kanuni, Mzee."

"Kanuni ya nani? Umemuuliza yeye kwao anakula nini?"

Akanifundisha upya, na haya ndiyo mnayoweza kuyachukua hata leo. Kata kipande kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia. Usikipande siku hiyo. Kilaze kivulini siku mbili mpaka kidonda kikauke, kwa sababu mmea wenye maji mengi mwilini huozea pale pale ulipojeruhiwa. Tumia mchanga wa mtoni, ule wenye punje kubwa, na udongo kidogo tu. Usimwagilie kwa kutazama saa. Tazama majani ya chini: yakianza kukunjamana kama ngozi ya mzee, mpe maji, kisha mwache. Baridi ya mwezi wa saba ikija na ukungu wake, majani yatageuka mekundu. Usiogope na usimpe kitu. Anavumilia tu.

Vipande vilivyobaki vikatoa mizizi. Tukachukua vinne tukavipanda pale chini ya ukuta, vikanyauka ndani ya wiki moja. Memsabu akavunjika moyo, nami nikaona ajabu. Mmea wa chumvi unauawa vipi na chumvi? Gathogo alikaa juu ya debe muda mrefu akiitazama ile ardhi.

"Tumemlea na maji ya mlima," akasema. "Amesahau. Mtu akikaa jela mwaka mzima bila nyama, ukimpatia mbuzi mzima siku ya kwanza, si utamuua? Huyu lazima azoeshwe."

Alienda mjini kwa Mzee Salim, mfanyabiashara wa ngozi, Mwislamu ambaye baba yake alikuwa Mnubi na mama yake Mkamba. Salim alipaka ngozi mbichi chumvi ya mawe zisioze, na iliyobaki sakafuni, chafu, yenye manyoya, aliitupa. Gathogo alirudi nayo kwenye mkebe wa rangi. Wiki moja baadaye Salim mwenyewe alikuja kutuletea mifupa ya kusaga, akaingia bandani, akayaona makopo yetu, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Sasa hii si mboga ya pwani! Nyanya yangu wa Mombasa alikuwa anapika hii na nazi. Nyinyi mnaitunza kama mtoto wa mfalme!"

Akachuma jani akalitafuna. Tukamwiga. Lilikuwa na chumvi kidogo sana, kama jasho la juu ya mdomo. Gathogo akasema hapo ndipo tutapimia: jani likiwa na ladha ya jasho bado ni mtoto, likiwa na ladha ya machozi yuko tayari kwenda nje.

Kipimo kilikuwa hivi. Wiki ya kwanza kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kwa debe la maji. Wiki ya pili viwili. Wiki ya tatu vitatu, na kuendelea mpaka saba. Mtu akiruka wiki moja, aanze nyuma. Kazi hiyo alinipa mimi. Nilipima chumvi kwa mkono wangu wiki tano mfululizo, na majani yakanenepa na kung'aa kuliko wakati wowote. Memsabu hakuambiwa. Gathogo alisema tutamwonyesha ukuta, hatutamwonyesha kijiko. Fundi wa zamani alikuwa na wivu na siri yake, na yeye alikuwa na sababu nyingine pia, ambayo lazima niieleze vizuri kwa sababu ninyi hamkuwepo.

Watu waliokuwa msituni wakipigana na serikali walikosa vitu vingi, na kimojawapo kilikuwa chumvi. Kwa hiyo mtu wa Nyeri aliyekutwa na chumvi kuzidi ya kupikia nyumbani kwake alikuwa na maswali ya kujibu, na majibu hayakusikilizwa kwa utulivu. Gathogo aliufunika mkebe kwa gunia na kuuweka chini ya rafu, nyuma ya makopo matupu. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa. Lakini sasa nitafanya nini, niwaambie maua wangoje uhuru?"

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Siku mbili kabla yake, Memsabu alikuwa amekuja kutazama miche, nami nikaanza kumweleza kwa Kiingereza changu cha shule jinsi nilivyoiokoa. Nilisema "mimi" mara nyingi. Gathogo hakujua Kiingereza, lakini alimjua mtu anayejisifu kwa lugha yoyote. Akaokota kopo moja la yale ya kwanza yaliyooza, ambalo alikuwa amelihifadhi sijui kwa nini, akamwonyesha Memsabu, akaninyooshea kidole. Memsabu akacheka sana. Wafanyakazi wengine nao wakacheka. Mmoja akaniita Daktari wa Mrenda, na jina likashika. Nililala na hasira siku mbili. Nawaambia hili kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba yaliyofuata yalitokana na hofu tu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Memsabu alikuwa ameenda Nanyuki na lori la miche. Wakaja afisa mmoja kijana wa Kizungu, askari wawili na homgadi watatu, yaani walinzi wa kijiji waliokuwa upande wa serikali. Walitupanga kwenye mstari, wakakagua nyumba, halafu banda. Homgadi mmoja alitoka na mkebe mikononi, akaubeba kama mtu abebaye yai.

"Hii ya nani?" afisa akauliza.

"Yangu," Gathogo akasema.

"Ya nini?"

"Ya maua, bwana."

Homgadi wakaangua kicheko. "Maua inakula chumvi? Na ugali je? Inakula na sukuma ama na nyama?"

"Hii maua ya bahari inakula," Gathogo akasema polepole, bila kucheka.

"Nani alikupa?"

Gathogo angemtaja Salim, Salim naye angekuwa kwenye lori siku hiyo hiyo. Walimwuliza mara tatu. Alitazama chini tu.

Afisa akapita kwenye mstari, akasimama mbele yangu. Nafikiri alinichagua kwa sababu ya viatu. Mimi peke yangu nilivaa viatu. Akaitazama pasi yangu, kile kitabu cha kitambulisho, akaona nilikotoka.

"Wewe ulisoma?"

"Ndiyo, bwana. Shule ya kilimo."

"Basi wewe sema. Mtu anaweka chumvi kwa maua?"

Nilikuwa nimesimama mita tano kutoka kwenye debe ambalo nililitia chumvi Jumatatu. Gathogo aliinua uso, akanitazama. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyemtuma mwenziwe kuleta kitu kilicho karibu.

Nikasema, "Hapana, bwana. Chumvi inaua mmea."

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la shule yetu, na mbele ya wale watu nilijisikia, kwa muda mfupi sana, kama mtaalamu. Afisa akaandika jina langu na maneno yangu. Walipomsukuma Gathogo kwenye lori alinigeukia, nikadhani atanilaani. Akasema, "Wiki ya sita ni Jumatatu," akaondoka.

Memsabu aliporudi jioni aliniuliza wamemchukulia nini. Nikasema chumvi. Akashangaa: chumvi ya nini? Hii ilikuwa nafasi ya pili, na haikuwa na bunduki mbele yake. Nikasema, "Sijui, Memsabu." Akanipa filimbi ya kuitia wafanyakazi na ufunguo wa banda. Nikawa msimamizi.

Jumatatu ikafika, mkebe ulikuwa umechukuliwa, na wiki haikutakiwa kurukwa. Nilijua nikiruka ukuta utakauka mbele ya wageni na cheo changu kitakauka nao. Nikaenda jikoni nikamwomba Memsabu chumvi. Akauliza ya nini. Nikamwambia ukweli, kwa sababu sasa niliuhitaji. Nikamweleza vijiko, wiki, ladha ya machozi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye kiti cha mpishi.

"Ulijua hii siku ile?"

Aliniandikia karatasi ya kununua chumvi dukani, akaisaini, na kwa karatasi hiyo nilipita katikati ya mji mchana kweupe na kilo nne begani, askari wakanisalimu. Memsabu aliandika barua kwa yule afisa. Jibu lilichukua muda. Lilisema mtu huyo amekwisha chujwa, yaani amehojiwa na kuhesabiwa adui, amepelekwa kambi nyingine, na faili lake haliko tena hapo. Aliandika barua ya pili, nasikia na ya tatu. Mimi sikuandika hata moja. Nilijiambia nani atasoma barua ya mtunza bustani, lakini kwenye karatasi zao maneno ya mtunza bustani yalikuwa yamesomwa vizuri sana.

Ukuta ulifanikiwa. Kila kifundo kilichogusa ardhi kilitoa mizizi. Kazi yangu ilikuwa kukilaza na kukiwekea jiwe dogo juu kisiinuliwe na upepo. Mwisho wa mwaka palikuwa kijani kizito, na vijiua vyake vikifunguka saa tatu asubuhi. Wageni walipiga picha. Kwa sababu ya ukuta ule nilipata barua nzuri, na kwa barua hiyo nikapata kazi Nanyuki, halafu huko Timau mnakonijua. Kila cheo nilichopata baadaye kilianzia hapo.

Gathogo alikaa kizuizini karibu miaka minne. Nilipata habari kwamba amerudi, nikakaa miezi nikitafuta sababu za kutokwenda. Hatimaye nikapanda basi mpaka Gakindu na kilo mbili za sukari na blanketi. Nilimkuta mama Nyambura kwenye kijumba cha kijijini. Hakunijua. Nilipotaja jina, akanikaribisha chai kwa heshima, jambo lililonitesa zaidi kuliko matusi.

"Utampata kule kwa kahawa," akasema. "Si yetu. Anafanya kibarua."

"Na shamba lenu?"

Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha lia zamani. Walikuwa na vipande vitatu vya ardhi. Yeye Gathogo akiwa kizuizini, mashamba yote ya Mukurweini yalipimwa upya, vipande vya kila mtu viunganishwe mahali pamoja. Kila mwenye shamba alisimama kwenye mpaka wake mbele ya wazee wa kamati akasema hapa ni pangu. "Mimi nilisimama," akasema. "Wakaniuliza bwana yako yuko wapi. Nikasema mnajua aliko. Wakaandika." Vipande viwili vilikwenda kwa majirani. Cha tatu kilipunguzwa mpaka pakabaki pa kujenga nyumba tu.

Nilimkuta Gathogo akipogoa kahawa. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, lakini mkono ulikuwa ule ule, unakata mara moja tu. Tulisalimiana. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya neno nililosema siku ile.

"Nililisikia," akasema. "Na kule kambini walinisomea tena. Jina lako lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko langu."

"Mzee..."

"Ngoja. Mimi nilikuwa na muda mwingi wa kufikiria." Akaweka makasi kwenye tawi. "Nilijiuliza, huyu kijana ni mbaya? Nikaona hapana, alikuwa anakula na mimi. Basi nikaona kosa ni langu. Nilikupatia kijiko, nikakuambia weka kimoja, weka viwili, lakini sikukueleza vizuri ni kwa nini. Wewe ulikuwa unaweka tu, kama vile mtu anatumwa. Hukuelewa ile chumvi ilikuwa ya kazi. Si ndiyo?"

Alinitazama, na nikaona anataka sana iwe hivyo. Miaka minne alikuwa ameijenga habari hiyo, na akaishi ndani yake.

Vijana, nimewaeleza kifundo, mchanga na jani la chini. Yote hayo mtayasahau na kijiti chenu kitawakumbusha. Lakini mtu akiwauliza jambo la kazi yenu ambalo mikono yenu yenyewe imelifanya, semeni mikono ilifanya nini. Mimi nilijua sababu. Gathogo alinieleza vizuri sana, kwa mfano wa mfungwa na mbuzi, nami nilicheka siku hiyo na kuelewa kila neno.

Nikamwambia, "Ndiyo, Mzee. Sikuelewa."

Akashusha pumzi, akanipiga bega, hata akatabasamu. "Basi si ubaya. Shika ile makasi nyingine, tumalize huu mstari kabla mwenyewe hajakuja."

Nikavua koti. Mstari ulikuwa na miti arobaini, kahawa ya jirani aliyepewa shamba la Gathogo. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka saa sita, yeye akiniambia habari za binti yake na bei za kahawa, na kwenye kila mti nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli.